Penye Miti Hapana Wapimaji

Kuna kauli mbili kuhusu miti shamba ambazo zimetawala mijadala yetu kwa muda mrefu. Ya kwanza hutolewa na msomi aliyefuzu vizuri, kwa sauti ya mtu aliyechoka: hizo ni dawa za kienyeji, hazina vipimo, achaneni nazo. Ya pili hutolewa jukwaani na kiongozi anayetafuta makofi: hizo ni dawa za mababu zetu, ni za asili, hazina madhara, na anayezihoji ana kasumba ya kikoloni. Watoaji wa kauli hizi hujiona mahasimu. Mimi nawaona washirika. Wa kwanza hapimi kwa kuwa ameshaamua kwamba hamna kitu. Wa pili hapimi kwa kuwa ameshaamua kwamba kila kitu kimo. Matokeo ni yale yale: dawa haipimwi, na mtoto mwenye homa huachwa mikononi mwa bahati.

Katika makala haya nataka kutetea msimamo wa tatu. Mimea yetu inayotumika kutibu malaria, hususan ile yenye alkaloidi, ipimwe kwa utaratibu hadi kwa mgonjwa mwenyewe, kwa fedha za umma, na matokeo yatangazwe hata yakiwa ya kushindwa. Mimi si mkemia wala tabibu. Nafundisha sera za umma. Lakini nani apime, kwa fedha za nani, na nani aambiwe matokeo, hayo si maswali ya kemia. Ni maswali ya siasa, na tumeyakimbia kwa miaka mingi.

Kwa nini sasa

Taarifa ya malaria ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba katika mwaka 2023 dunia ilikuwa na wagonjwa milioni 263 wa malaria na vifo 597,000. Asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea katika kanda ya Afrika ya shirika hilo. Nchi nne tu, yaani Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Niger na Tanzania, zilibeba zaidi ya nusu ya vifo vyote. Tumo katika orodha hiyo fupi, na hatumo kwa heshima.

Silaha zetu nazo zinachakaa. Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001 baada ya vimelea kuizoea. SP ikashika nafasi yake, nayo haikudumu; tangu mwaka 2006 tunategemea dawa mseto ya ALu. Dawa hiyo bado inaponya, na mgonjwa yeyote anayesoma hapa aendelee kuimeza kama alivyoelekezwa. Hata hivyo, usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa mseto, umekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda, Eritrea na Tanzania. Katika mkoa wa Kagera watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, wameripoti vimelea vyenye mabadiliko yale yale ya kijeni yaliyobainika kwanza kwa jirani zetu wa Rwanda. Kisha, mwezi Januari 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja, na nchi nyingi zikagundua kwamba mpango wao wa malaria ulikuwa umeandikwa katika bajeti ya taifa jingine.

Katika hali hiyo, swali la mimea si suala la utamaduni pekee. Ni swali la akiba ya silaha.

Alkaloidi ni nini

Alkaloidi ni jamii ya kemikali zenye naitrojeni ambazo mimea hujitengenezea, aghalabu ili kujikinga na wadudu na wanyama wanaoila. Nyingi ni chungu. Kafeini ya kahawa ni alkaloidi. Vivyo hivyo nikotini ya tumbaku, mofini ya afyuni, na kwinini ya magome ya mti wa milima ya Andes. Orodha hiyo fupi inatosha kumwonyesha msomaji kwamba katika jamii hii uponyaji na sumu hulala chumba kimoja. Wanaotuambia kwamba kitu cha asili hakina madhara wangefaa waianzie hapo.

Katika tiba ya malaria, kwinini ndiyo iliyoufungulia mlango ukoo huu. Wakemia wawili wa Kifaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga kutoka katika magome mwaka 1820. Kabla yao mgonjwa alikunywa unga wa magome asijue ndani yake mna dawa kiasi gani: gome moja lilikuwa kali, jingine hafifu, la tatu lilikuwa la mti mwingine kabisa. Baada yao iliwezekana kupima. Hapo ndipo tofauti ya kweli ilipozaliwa. Haikuwa tofauti kati ya Mzungu na mwenyeji, maana ujuzi wa magome ulitoka Amerika Kusini. Ilikuwa tofauti kati ya dawa yenye kipimo na dawa isiyo na kipimo.

Tusisahau, lakini, nani alilipa. Mbegu bora kuliko zote za mti huo zilikusanywa Bolivia na Manuel Incra Mamani, mwenyeji aliyeijua misitu na aliyeweza kutambua kwa macho mti wenye magome makali. Alimkabidhi mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger. Waingereza hawakuzitaka, Waholanzi walinunua ratili moja hivi mwaka 1865, wakazipanda Java, na katika miongo iliyofuata Java ikaja kuhodhi karibu kwinini yote ya dunia. Mamani alikamatwa kwao, akateswa gerezani, akafa. Hakupata hisa, hakupata shukrani. Anayeogopa wizi wa maarifa ya mimea haogopi kivuli. Nitarudi kwenye hofu hiyo.

Kwetu mti huo uliletwa na Wajerumani. Kituo chao cha utafiti cha Amani, katika Usambara Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1902, kilikuwa na mashamba yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za bahari, jeshi la Lettow-Vorbeck lilijitengenezea kwinini kutoka magome hayo, nyingine ikiwa maji machungu yaliyochemshwa ambayo askari wenyewe waliyaita kwa kejeli pombe ya Lettow. Kwa hiyo dawa ya malaria imewahi kutengenezwa katika ardhi hii kutokana na mti uliopandwa katika ardhi hii. Ilitengenezwa ili vita vya watu wengine viendelee.

Jinsi kwinini ilivyoshindwa

Sasa nitaje tukio ambalo naliona kuwa somo kubwa kuliko yote katika mada hii, na ambalo wanafunzi wengi hawalijui ingawa lilitokea karibu nao.

Kwa miongo mingi mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa na malaria kali, amepoteza fahamu au anadegedeka, alipewa kwinini ya sindano au ya dripu. Ilikuwa dawa yenye umri wa karne, iliyozoeleka, iliyoaminiwa na kila daktari. Kisha ukaja utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Hospitali za Muheza na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Kwa bahati nasibu iliyopangwa, nusu ya watoto walipewa kwinini na nusu artesuneti. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Katika kila watoto elfu moja, tofauti hiyo ni watoto 24 hivi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ukabadilishwa.

Tazama kilichotendeka. Wilaya ile ile ya Muheza ambamo Wajerumani walipanda mti wa kwinini ilisaidia kuithibitishia dunia kwamba enzi ya kwinini katika malaria kali imekwisha. Hakuna aliyesema kwamba kwinini ni ya kishenzi. Hakuna aliyesema kwamba imeheshimiwa na mababu, basi isiguswe. Iliwekwa kwenye mizani, ikapungua uzito, ikaondolewa. Tofauti ya asilimia 2.4 haionekani kwa macho ya daktari mmoja katika wodi moja, hata awe hodari vipi. Inaonekana tu pale wengi wanapohesabiwa kwa uaminifu.

Ikiwa kwinini, yenye historia ya karne nne na maabara za mataifa tajiri nyuma yake, ilikubali kupimwa na kushindwa, ni mti gani wa kwetu ulio mtukufu mno kiasi cha kukataa mizani?

Uchungu wenye hila

Tatizo la alkaloidi ni kwamba nyingi huua vimelea kwa kugusa mitambo ambayo hata seli za binadamu wanayo. Wachina walitumia kwa karne nyingi mzizi uitwao changshan kutibu homa za vipindi. Alkaloidi yake, febrifujini, ina nguvu kubwa dhidi ya vimelea vya malaria. Hata hivyo ilimtapisha mgonjwa vibaya, na hilo lilizuia isifanywe dawa ya kawaida. Nchini Kenya watafiti walichunguza Toddalia asiatica, mmea ambao Wapokot hutumia kutibu homa, na mwaka 1995 wakachapisha kwamba ndani yake mna nitidini, alkaloidi inayoua vimelea hata vile vilivyoishinda klorokwini. Ilikuwa habari njema. Lakini nitidini huua pia seli za binadamu, na kati ya habari njema ya maabara na kidonge cha mgonjwa pana bonde refu. Ghana wana kriptolepini, ya mzizi wa Cryptolepis sanguinolenta, ambao kituo chao cha serikali cha Mampong-Akuapem, kilichoanzishwa mwaka 1975, kimeutumia kwa wagonjwa kwa miaka mingi. Kriptolepini hujipenyeza katika DNA. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwapa wagonjwa mzizi huo katika vifuko vya chai na ukaonyesha matokeo ya kutia moyo, lakini haukuwa na kundi la kulinganishwa nalo.

Nimetaja mifano hii mitatu ili niseme na pande zote mbili. Kwa mwenye kudharau: mababu waliochagua mizizi hii hawakuwa wakibahatisha, kemia imewapa haki yao. Kwa mwenye kutukuza: kitu chenye nguvu ya kuua kimelea kina nguvu ya kumdhuru aliyekibeba, na wajibu wa kujua mpaka uko wapi haukwepeki kwa hotuba.

Mali walifanya nini

Ipo njia iliyofanyiwa kazi Afrika, na nchi maskini, na naona aibu kwamba haifundishwi katika kila chuo chetu.

Njia ya kawaida huanzia maabara: mmea hukusanywa, hukamuliwa, hujaribiwa kwa vimelea katika kichupa, kisha kwa panya, na miaka mingi baadaye, kama fedha zipo, hufika kwa mtu. Mimea mingi hufia njiani. Nchini Mali watafiti wa huko na wenzao wa Uingereza na Uswisi waligeuza mwendo. Walianzia kwenye familia. Waliuliza: mgonjwa wenu wa mwisho wa homa alitibiwa kwa nini, na ilikuwaje? Walikuta mimea 66 inatumika, peke yake au kwa kuchanganywa. Walipolinganisha matibabu na matokeo, mmoja ulijitenga: Argemone mexicana, gugu lenye miiba na maua ya manjano lililotoka Amerika, ambalo kwetu pia humea kando ya barabara. Lina alkaloidi kadhaa, berberini na protopini zikiwamo.

Hawakukimbilia redio. Waliwafuatilia kwanza wagonjwa 80 katika kijiji cha Missidougou ili kujua kiasi gani cha maji ya majani kinafaa. Kisha wakafanya jaribio la ulinganisho kwa wagonjwa 301: baadhi walipewa majani hayo, wengine dawa mseto ya artesuneti na amodiakwini, wote wakiangaliwa kwa siku 28, na dawa nyingine ikiwa tayari kwa atakayezidiwa. Kwa waliotumia majani, asilimia 89 hawakuhitaji tiba ya pili; kwa waliotumia dawa mseto, asilimia 95. Majani hayakufagia vimelea vyote katika damu, na watafiti walisema hivyo bila kuficha. Hawakudai kwamba wamepata mbadala wa dawa ya hospitali. Walipendekeza ifikiriwe kama nyongeza kwa wakubwa walio katika maeneo ya maambukizi makali, ili kuipunguzia dawa mseto mzigo na kuuchelewesha usugu.

Ukitaka kujua kwa nini hatua hizo zina maana, kumbuka kwamba mbegu za gugu hilo hilo hutoa mafuta yenye sumu. Mwaka 1998 mjini Delhi mafuta ya kupikia yaliyochanganyika nayo yaliwavimbisha watu miili na kuwaua makumi. Jani linatibu, mbegu inaua, na mmea ni mmoja. Mtu anayesema tu kwamba mmea fulani ni dawa hajasema kitu bado.

Kwetu tumefanya nini

Tusijidharau kupita kiasi. Tanzania ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili mwaka 1974, kabla ya nchi nyingi. Kikaja kuwa taasisi kamili. NIMR iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002, ikaunda baraza la kusajili waganga na dawa zao. Tuna wataalamu wa mimea, tuna wakemia, tuna hospitali za wilaya zilizokwisha kushiriki majaribio makubwa ya kimataifa. Tuna kila kiungo isipokuwa anayewasha moto.

Kinachotokea ni hiki. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili huchagua mti, tuseme mjafari, ambao watu wa pwani na bara hutumia magome na mizizi yake kutibu homa. Hukamua, hupima katika kichupa, huona vimelea vinapungua. Pengine hupata fedha kidogo za panya. Huandika tasnifu, hupewa joho, na tasnifu huwekwa rafuni. Sentensi ya mwisho ya tasnifu hizi inafahamika kwa kila mwalimu: utafiti zaidi unahitajika. Miaka mitano baadaye mwanafunzi mwingine huuchukua mti ule ule na kurudia hatua ile ile. Si kosa lao. Hatua inayofuata, ya kupima usalama kwa kina na kisha kwenda kwa mgonjwa, haina mfuko, haina mwenyewe, na haimpi afisa yeyote cheo.

Mwenye fedha akijitokeza, anatoka nje. Katika milima ya Udzungwa uligunduliwa mtambaazi mpya kwa sayansi, ukapewa jina la nchi yetu, Ancistrocladus tanzaniensis. Alkaloidi zake zilichambuliwa Würzburg, Ujerumani, na kujaribiwa dhidi ya vimelea vya malaria na vya leishmania. Siwalaumu Wajerumani hao. Walifanya kazi yao na kuichapisha wazi. Nauliza sisi tulikuwa wapi. Jina ni letu, msitu ni wetu, kimelea ni chetu, na maarifa tunayasoma katika jarida la kulipia.

Wakati huohuo, kusajiliwa kumechukua mahali pa kuthibitishwa. Mnunuzi akiona namba ya usajili kwenye chupa huamini kwamba serikali imehakikisha dawa inaponya, kumbe kuhakikisha kwamba kitu si sumu ni jambo moja, na kuhakikisha kwamba kinatibu malaria ni jambo jingine kabisa. Dawa isiyo na sumu na isiyotibu inaweza kuua vizuri tu: inamchelewesha mtoto siku mbili nyumbani, na malaria kali haihitaji zaidi ya hizo.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza: babu zetu walizitumia wakapona. Ni kweli, wengi walipona. Lakini mtu mzima aliyekulia sehemu zenye malaria nyingi ana kinga kiasi. Hupata homa, hulala siku tatu, huamka, hata asipomeza kitu. Kwa mtu huyo kila mti ni dawa, pamoja na ule usio na chochote. Aliyezikwa akiwa na miaka miwili hakuacha ushuhuda. Ndiyo maana pawe na kundi la ulinganisho, na ndiyo maana ushuhuda wa waliopona, hata ukijaza uwanja wa mpira, hautoshi. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha mti wa mugariga, viongozi wakiwamo. Mwaka 2020 ndege yetu ilikwenda Madagaska kuchukua kinywaji cha mimea kilichotangazwa kuwa kinga na tiba ya korona kabla jaribio lolote la kitabibu kuchapishwa. Katika mara zote mbili nchi ilikuwa na nguvu ya kusafirisha watu na ndege. Nguvu ya kuhesabu nani alipona na nani hakupona ndiyo iliyokosekana.

Tena, jaribio baya ni hatari kuliko kutokuwapo kwa jaribio. Mkoani Maniema, kwa ndugu zetu wa Kongo, chai ya Artemisia ilipimwa dhidi ya dawa mseto, na makala iliyochapishwa mwaka 2019 ikasema chai imeshinda. Ilishangiliwa barani kote. Mwaka uliofuata jarida liliiondoa makala hiyo kufuatia maswali kuhusu jinsi utafiti ulivyoendeshwa. Artemisinini yenyewe si alkaloidi, lakini somo ni la wote: uharaka wa kushinda uliwanyima Waafrika jibu, na kuwapa wenye dharau sababu ya kucheka.

Pingamizi la pili: hatuna fedha. Mali si tajiri kuliko sisi. Mwaka 2006 mjini Khartoum Umoja wa Afrika ulizitaka nchi wanachama kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti na maendeleo. Ahadi hiyo haikulazimishwa na mfadhili yeyote, tuliitoa wenyewe. Profesa Tu Youyou na wenzake walianza kazi yao China katika mradi wa siri wa mwaka 1967, nchi ikiwa maskini na yenye misukosuko. Walipekua maandiko ya kale, wakapata katika kitabu cha karne ya nne dokezo kwamba pakanga ilowekwe katika maji baridi badala ya kuchemshwa, wakabadilisha njia ya ukamuaji, na kabla ya kumpa mgonjwa walijaribu usalama wake katika miili yao. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015 ilikuja baadaye sana. Kilichotangulia ni dola iliyoamua kwamba swali hili ni lake.

Pingamizi la tatu ndilo zito: tukichapisha, wataiba. Nimemtaja Mamani, sitalibeza. Lakini siri haikumlinda Mamani. Kinacholinda maarifa ni kumbukumbu yenye tarehe, mkataba wenye saini, na sheria yenye meno. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kuhusu kugawana manufaa ya rasilimali za kibaiolojia iliandikwa kwa ajili hiyo hiyo. Mganga anayekufa na siri yake hajawanyima wezi; amewanyima wajukuu zake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami naongeza kwamba mficha dawa naye huumbuliwa na kifo hicho hicho.

Tudai nini

Kwanza, pawe na fungu la bajeti, lenye jina na lenye kuhojiwa bungeni, la kuitoa mimea kutoka kichupani hadi kwa mgonjwa. Lisigawanywe kwa miti hamsini. Ichaguliwe miwili au mitatu kwa njia ya Mali, kwa kuanzia kwenye matokeo ya familia zenyewe, na ifuatwe hadi mwisho.

Pili, majaribio yafanywe kwa watu wazima wenye malaria isiyo kali, kwa ridhaa yao, chini ya kamati ya maadili, damu ikipimwa na ALu ikiwa mezani. Mtoto mchanga na mjamzito wasiwe wa kwanza kujaribiwa uzalendo wetu.

Tatu, iwepo orodha ya wazi ya kila jaribio lililoanza, na matokeo yake yatolewe hata mti ukishindwa. Kujua kwamba mti fulani hautibu malaria ni maarifa yanayookoa maisha, na mtafiti aliyeyapata anastahili kupandishwa cheo sawa na aliyepata dawa.

Nne, mganga aingie kwenye mkataba kama mbia tangu siku ya kwanza, si kama mtoa habari anayepewa soda na nauli. Na tano, awe waziri au mfanyabiashara, asiruhusiwe kutangaza tiba ya malaria ambayo haijapita kwenye jaribio la ulinganisho.

Kwa watumishi wa umma mnaosoma: mnajua faili la utafiti hukwama dawati gani, na mna kalamu. Kwa wanaharakati: mmejifunza kudai dawa ziwepo zahanati, jifunzeni pia kudai ushahidi. Na kwa wanafunzi: atakapokuja mtu kuwaambia kwamba miti yetu ni upuuzi, au kwamba miti yetu ni miujiza, mwulizeni swali moja tu. Wagonjwa wangapi walihesabiwa, na wangapi kati yao walikufa? Asiye na jibu hajazungumzia dawa bado, hata kama amezungumza saa nzima.